Ugomvi wa Wazazi na Hofu ya Watu kwa Mwanafunzi wa Chuo: Uhakiki wa Riwaya ya Rosa Mistika kwa Kuzingatia Mazingira ya Akheri, Arumeru

Ikisiri

Uhakiki huu unachunguza namna riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) inavyosawiri athari za ugomvi wa wazazi katika hofu ya watu aliyonayo mhusika mkuu, kuanzia utoto wake hadi maisha yake ya chuo cha ualimu. Hoja kuu ni kwamba hofu ya Rosa haikomi anapoanza kujichanganya na watu, bali inabadili sura tu: inatoka katika ukimya na kuingia katika kushindwa kukataa. Kwa kutumia mihimili ya nadharia ya fasiri ya mtoto kuhusu ugomvi (Grych na Fincham, 1990) pamoja na ile ya usalama wa kihisia (Davies na Cummings, 1994), uhakiki unabainisha kwamba jamii ya riwaya inaishindwa hofu hiyo kwa sababu inaiita haya. Matokeo ya uchambuzi yanahusishwa na mazingira ya Akheri, ambako walimu na maofisa wa maendeleo ya jamii huandaliwa kwa kazi zinazodai mtu asimame mbele ya watu.

1.0 Utangulizi

Methali isemayo wapiganapo tembo nyasi huumia hutumiwa mara nyingi kueleza hali ya watoto katika ndoa yenye vurugu. Methali hiyo ina ukweli, lakini inaacha jambo moja. Nyasi hazitazami pigano wala hazijiulizi limeanzia wapi. Mtoto hufanya yote mawili. Husikia, hulinganisha usiku wa leo na wa jana, hukisia sababu, na mara nyingi sababu anayoifikia ni yeye mwenyewe. Kwa hiyo maumivu yake si ya kukanyagwa tu, ni ya kuelewa, tena kuelewa kwa akili ambayo haijapata msaada wa mtu mzima.

Riwaya ya Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971, ikichapishwa na East African Literature Bureau. Kwa muda ilizuiwa kutumika shuleni kutokana na uwazi wake kuhusu mahusiano ya kimapenzi. Baadaye ikawa miongoni mwa vitabu vinavyosomwa sana na wanafunzi wa sekondari na vyuo. Usomaji wa darasani umekuwa ukiielekeza riwaya hii kwenye fundisho moja: malezi makali mno humharibu mtoto. Fundisho hilo lina msingi katika matini, lakini linamtazama Zakaria kama baba tu. Linasahau kwamba kabla ya kuwa baba mkali, Zakaria ni mume anayemwonea mke wake mbele ya watoto. Uhakiki huu unaanzia hapo palipoachwa: katika ugomvi wa Zakaria na Regina, na katika nafasi ya Rosa kama shahidi wake.

2.0 Suala la Istilahi: Haya, Aibu na Hofu

Kabla ya kuingia katika matini, ni vema kufafanua istilahi. Taaluma ya saikolojia iliiingiza hofu ya watu katika orodha ya maradhi ya akili ya Chama cha Wataalamu wa Tiba ya Akili cha Marekani mwaka 1980. Hofu hiyo inaelezwa kuwa woga mkubwa na wa kudumu wa kutazamwa, kupimwa na kufedheheka mbele ya wengine, unaomfanya mtu akwepe mikusanyiko au aivumilie kwa mateso. Kwa Kiswahili, baadhi ya waandishi hutumia wasiwasi wa kijamii. Istilahi hiyo ina upungufu, kwani neno wasiwasi hubeba zaidi maana ya shaka na mawazo yanayomrudia mtu, na sifa ya kijamii haionyeshi kinachoogopwa. Katika uhakiki huu inatumika hofu ya watu, kwa kuwa kinachoogopwa ni macho na hukumu ya watu.

Ugumu zaidi uko katika maneno jirani. Kiswahili kina haya, soni, aibu na fedheha, nayo hayalingani. Haya ni sifa njema: mwenye haya hujua mahali pake, huinamisha macho mbele ya mkubwa, hasemi neno kabla ya wakati wake. Aibu humpata mtu baada ya kosa, au baada ya kuonekana na kosa. Fedheha ni aibu iliyotangazwa. Hofu ya watu haimo katika orodha hiyo, ingawa kwa nje hufanana na haya. Tofauti yake yaweza kuelezwa hivi: mwenye haya hunyamaza pale pasipo pake kusema, lakini huweza kusema pale penye haki yake; mwenye hofu hunyamaza hata penye haki yake.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Kipimo cha Liebowitz (1987), ambacho ni miongoni mwa vinavyotumiwa sana duniani, kina hali 24 ambazo mhojiwa huzikadiria kwa kiwango cha hofu na cha kukwepa. Miongoni mwake ni kuzungumza na wenye mamlaka, kueleza kutokubaliana na mtu asiyemfahamu vizuri, na kumtazama machoni mtu wa namna hiyo. Katika jamii za Mlima Meru, kama zilivyo jamii nyingi za Afrika Mashariki, kijana anayejizuia kufanya mambo hayo mbele ya mzee huhesabiwa kuwa amelelewa. Kipimo kilichofasiriwa neno kwa neno chaweza kumhesabu mwenye heshima kuwa mgonjwa. Kwa upande wa pili, na hili ndilo zito zaidi, jamii yaweza kumhesabu mgonjwa kuwa mwenye heshima. Fasihi ina msaada mahali hapa, kwa kuwa humfuata mtu katika nyakati nyingi na kuonyesha kama ukimya wake ni wa kuchagua au wa kushindwa.

3.0 Mkabala wa Nadharia

Nadharia mbili zinaongoza uchambuzi. Ya kwanza ni ya Grych na Fincham (1990), wanaodai kwamba ugomvi wa wazazi hauingii kwa mtoto moja kwa moja, bali hupitia katika fasiri yake. Mtoto hujiuliza: je, jambo hili ni la hatari kwangu? Nani amelisababisha? Naweza kufanya nini? Anapojibu kwamba hatari ni kubwa, kwamba yeye ndiye chanzo, na kwamba hana la kufanya, madhara huwa makubwa zaidi. Ya pili ni ya Davies na Cummings (1994), wanaosisitiza usalama wa kihisia: mtoto wa nyumba yenye ugomvi hutumia nguvu nyingi kulinda utulivu, ama kwa kujitenga, ama kwa kuingilia kati, ama kwa kuwaridhisha wakubwa ili pasilipuke.

Kwa kuwa nadharia hizo hazikuundwa kwa ajili ya maisha ya chuo, zinaongezewa maelezo ya Clark na Wells (1995) kuhusu namna hofu ya watu inavyojiendeleza. Kwa mujibu wao, mwenye hofu hii hugeuza macho yake ndani na kujitazama kama anavyodhani wengine wanamtazama, kisha hujikinga kwa vitendo vidogo vidogo: kunyamaza, kuitikia upesi, kukubali asichokitaka. Vitendo hivyo humnusuru kwa dakika chache, lakini humnyima nafasi ya kugundua kwamba angesema, huenda lisingetokea lolote.

4.0 Uhakiki wa Riwaya

4.1 Nyumba ya Zakaria

Nyumba ya Zakaria na Regina iko Ukerewe, na riwaya inaijenga kwa mpangilio unaojirudia: baba hunywa, hurudi, hudai, hupiga, mama huvumilia na kuendelea kuilisha familia. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba ugomvi huu hauna mwisho unaoonekana. Wataalamu wa ugomvi wa wazazi hutenganisha ugomvi unaosuluhishwa mbele ya mtoto na ule unaokatika tu. Wa kwanza waweza hata kumfundisha mtoto kwamba watu hukosana na kupatana. Katika nyumba ya Zakaria hakuna upatanisho wa kuonekana. Kuna uchovu wa usiku na kazi ya asubuhi. Rosa, akiwa mtoto wa kwanza, anajifunza kwamba hasira ya mtu mzima haina sababu inayoweza kujulikana mapema, na dawa pekee ni kutomchokoza.

Tukio la barua ya Charles ndilo kilele cha fundisho hilo. Rosa bado ni mwanafunzi wa shule ya msingi. Barua ya kijana inamfikia baba, na kinachofuata ni kipigo. Wahakiki wengi wameliona tukio hili kuwa chanzo cha woga wa Rosa kwa wanaume. Kwa mkabala wa Grych na Fincham, linaonekana kwa upana zaidi. Tangu hapo jeuri ya Zakaria ilikuwa ndani ya ndoa; kwa barua hii Rosa anakuwa sababu yake. Swali la nani amelisababisha linapata jibu, na jibu ni jina lake. Tena kilicholeta balaa ni kwamba mtu wa nje alimwona na kumpenda. Funzo analolibeba si kwamba wanaume ni wabaya tu. Ni kwamba kuonekana na watu ni hatari.

4.2 Ukimya Unaosifiwa

Rosa anapofika shule ya wasichana ya Rosary, ni mtulivu, mkimya, asiye na mazoea ya kuzungumza na wanaume. Kwa kigezo cha shule, huyu ni binti mwema. Riwaya inaonyesha kwa uangalifu kwamba wema huo haukutokana na uamuzi. Rosa hakupima mema na mabaya akachagua. Hakuwahi kupewa nafasi ya kupima. Ukimya wake ni ule ule wa nyumbani uliohamishiwa bwenini.

Hapa ndipo tofauti ya haya na hofu inapodhihirika. Angekuwa na haya, angelindwa nayo penye shida: angeweza kusema hapana bila kujieleza. Kwa kuwa ana hofu, ukimya wake unamsaidia maadamu hakuna anayemsogelea. Siku anaposogelewa, hana neno. Deogratias, Bwana Maendeleo, anampata Rosa si kwa sababu binti ana tamaa kubwa, bali kwa sababu mbele ya mwanamume mwenye cheo, anayejua kusema na asiyetarajia kukataliwa, Rosa anarudia alichojifunza kwa Zakaria: mkubwa asichokozwe.

4.3 Chuoni: Hofu Iliyobadili Sura

Pingamizi kubwa dhidi ya usomaji huu ni maisha ya Rosa katika chuo cha ualimu Morogoro. Huko si mkimya tena. Anajulikana, anatoka, ana uhusiano hata na mkuu wa chuo. Je, mtu wa namna hiyo anaweza kusemwa kuwa ana hofu ya watu?

Jibu liko katika kuangalia nini hasa Rosa hawezi kukifanya. Kukaa na watu anaweza. Asichoweza ni kuhimili dakika ile ambayo mtu atamwangalia kwa kukasirika au kwa kudharau. Kwa maelezo ya Clark na Wells, kukubali kwake ni tendo la kujikinga kama kulivyokuwa kunyamaza kwake. Davies na Cummings wangeongeza kwamba mtoto aliyezoea kuusoma uso wa baba kila jioni ili ajue hali ya hewa ya nyumba, akikua huendelea kusoma nyuso na kuzitii. Kwa hiyo msichana mkimya wa Rosary na mwanachuo wa Morogoro anayesemwa vibaya ni mtu mmoja mwenye hofu moja. Jamii ilimsifu kwa sura ya kwanza na kumhukumu kwa sura ya pili, na katika nyakati zote mbili haikuiona hofu yenyewe.

Hata hivyo, usomaji huu haupaswi kupitiliza. Zipo nyakati ambazo Rosa anajifurahisha, anajigamba na kupanga mambo yake kwa akili. Kuzieleza zote kwa hofu kutakuwa ni kumnyang'anya uhuru ambao mwandishi amempa. Ugomvi wa wazazi pia si sababu inayotosha peke yake. Wadogo zake Rosa wamekulia chini ya paa lile lile, lakini Stella hapiti njia waliyopita Flora na Honorata. Riwaya inatoa hapa tahadhari ambayo tafiti za takwimu nazo zinapaswa kuizingatia: nyumba moja yenye ugomvi ni nyumba tofauti kwa kila mtoto, kwa kadiri ya umri wake, nafasi yake na fasiri yake.

4.4 Shauri Lisilomwita Mtoto

Sura ya mwisho, baada ya uchumba kuvunjika na Rosa kujiua, inawapeleka Rosa na baba yake mbele ya Mungu, kila mmoja akimtupia mwenzake lawama. Mwisho huo umejadiliwa sana kwa upande wa falsafa ya dini. Kwa mada hii una maana ya karibu zaidi: ni mara ya kwanza Rosa anazungumza na Zakaria kama mdai. Maneno ambayo hakuweza kuyasema nyumbani, shuleni wala chuoni, anayasema akiwa amekwisha kufa. Mwandishi amelipeleka shauri mbinguni kwa sababu duniani hapakuwa na baraza la kulisikiliza.

Ulinganisho na sheria unaipa hoja hii uzito. Mwaka huo huo wa 1971 Tanzania ilitunga Sheria ya Ndoa. Kifungu cha 66 kinatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, hata kama mila inaruhusu. Kifungu cha 101 kinataka mgogoro wa ndoa upelekwe kwanza katika baraza la usuluhishi kabla ya kuombwa talaka. Katika baraza wanaoitwa ni mume na mke, maana sheria inauona ugomvi kuwa wa watu wawili. Maoni ya mtoto yanatajwa katika kifungu cha 125, lakini kwa suala la nani atakaa naye. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inamlinda aliye chini ya miaka 18. Mwanafunzi wa chuo mwenye miaka 20 anabaki katikati: si mtoto tena kwa sheria, lakini ada, nauli na mahali pa kurudi likizo vyote bado viko mikononi mwa wagomvi.

5.0 Udhaifu wa Riwaya

Riwaya ina mapungufu kwa mtu anayetafuta ndani yake ufahamu wa hofu. Kwanza, msimulizi hana subira na Rosa. Mara kwa mara anamhukumu kwa sauti ile ile ya kijiji, na nafsi ya Rosa inafichwa nyuma ya hukumu hiyo. Pili, Regina amechorwa kuwa mvumilivu kiasi kwamba uvumilivu wake hauulizwi swali. Msomaji haonyeshwi vya kutosha jinsi ukimya wa mama unavyomfundisha binti ukimya, ilhali kwa mantiki ya riwaya yenyewe Rosa amerithi mengi kwa Regina kuliko kwa Zakaria. Tatu, kifo kinafunga mlango wa swali lililo muhimu kwa walimu na washauri: je, mtu wa namna hii angeweza kupona? Ukimya wa riwaya juu ya jambo hilo umewafanya wasomaji wengi waichukue hatima ya Rosa kama sheria ya maumbile.

6.0 Umuhimu wa Usomaji Huu kwa Akheri

Akheri iko mashariki ya jiji la Arusha, kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Meru, juu ya barabara iendayo Moshi. Katika eneo hilo la Akheri na Tengeru kuna Chuo cha Ualimu Patandi, kinachofahamika kwa elimu maalumu, na Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru. Hivyo kazi mbili zinazokutana katika masaibu ya Rosa, ualimu na uofisa wa maendeleo, zote zinafundishwa katika jirani moja. Mwalimu mwanafunzi hupelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha mbele ya darasa huku mkufunzi akimtathmini. Ofisa wa maendeleo husimama katika mkutano wa kijiji. Kwa mtu mwenye hofu ya watu, mahitaji hayo ni mtihani mzito kuliko wa karatasi, na anayefeli huweza kuandikiwa kwamba hajiamini, kana kwamba hilo ni tabia na si jeraha.

Mazingira ya Akheri yana pia mikono ya usuluhishi ambayo nyumba ya Zakaria haikuwa nayo, au haikuitumia. Wameru wana washili, viongozi wa koo wanaosikiliza migogoro ya kifamilia. Wapo wazee wa kanisa. Lipo baraza la kata. Nguvu ya mikono hiyo ni kwamba inaufanya ugomvi uwe na mwisho unaoonekana, jambo ambalo nadharia zinalitaja kuwa kinga kwa mtoto. Udhaifu wake unafanana na wa sheria: kijana haitwi. Nyumba za migombani ziko karibu, majirani husikia, lakini adabu inataka kila mtu ajifanye hakusikia. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata haiulizwi. Mwana wa nyumba hiyo hujifunza kwamba aibu ya wazazi ni yake kuitunza, akaenda nayo chuoni, akaogopa kila swali linaloanza na habari za nyumbani.

Inafuata kwamba mlezi wa wanafunzi chuoni asiridhike na ukimya wa mwanafunzi. Swali la kumpima si kama anazungumza sana, bali kama anaweza kukataa, kuomba ufafanuzi, kudai alama aliyokosewa. Mwenye haya ataweza, kwa sauti ya chini. Mwenye hofu atasema hakuna tatizo. Watafiti nao, wanapokusudia kutumia vipimo vya kigeni kwa wanafunzi wa eneo hili, wanapaswa kwanza kuvitenganisha vipengele vya heshima na vya hofu, na kumuuliza mhojiwa si tu kama hutazama chini mbele ya mkubwa, bali kama angeweza kuinua macho akitaka.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba katika Rosa Mistika ugomvi wa wazazi hauzai ukimya pekee. Unazaa mtu anayeishi kwa kusoma nyuso, akinyamaza zinapomruhusu na kukubali zinapomtaka. Umeonyesha pia kwamba jamii ya riwaya ilikosa kumsaidia Rosa si kwa kutomjali tu, bali kwa kuipa hofu yake jina zuri la haya. Riwaya haithibitishi kwamba kila mwana wa nyumba yenye ugomvi ataishia alipoishia Rosa. Hatima ya Stella inatosha kulikanusha hilo. Inachothibitisha ni kwamba mtoto ni shahidi wa tatu katika kila ugomvi wa watu wawili, na kwamba ushahidi wake, usiposikilizwa mapema na mtu mzima anayeaminika, huendelea kutolewa kwa njia nyingine: darasani, bwenini, na katika kila ndiyo aliyoisema akitaka kusema hapana.